Naomba ushauri: uga umeme wa bamba lenye tundu

Habari za jioni wakuu. Niko Kirumba, Mwanza, nafundisha tuisheni vijana wawili wa kidato cha sita, na kuna swali limenikwamisha tangu juzi.

Bamba kubwa sana la plastiki lina chaji chanya iliyosambaa sawasawa, kulombu 8.85 × 10⁻⁹ kwa kila mita ya mraba. Limetobolewa tundu la duara, nusukipenyo sm 3. Tunatafuta uga umeme (nguvu ambayo kila kulombu moja ya chaji ingepata mahali hapo) sm 4 juu ya kitovu cha tundu.

Kanuni ya Gauss (inayohusisha uga na chaji iliyofungiwa ndani ya uso) peke yake imenigomea, maana tundu linaharibu ulinganifu. Nikajaribu kujumlisha: nikachukua bamba zima lisilo na tundu (σ/2ε₀ = 500 N/C; σ ni ile chaji kwa mita ya mraba, ε₀ ni permitiviti ya ombwe), kisha nikaweka mahali pa tundu kisahani cha ukubwa uleule chenye chaji hasi ya −σ, ili kifute chaji ya pale. Kisahani kinatoa 100 kuelekea chini, hivyo inabaki 400 N/C. Hadi hapo roho safi.

Shida ni kijana mmoja, mdadisi huyo! Kaniuliza: ukishuka hadi kwenye kitovu chenyewe, hesabu inatoa sifuri, lakini juu ya plastiki, mbali na tundu, uga ni 500 hata ukikaribia uso kabisa. Inakuwaje? Nikasingizia giza limeingia, tukaahirisha.

Naombeni: sifuri hiyo nimweleze vipi bila kalkulasi? Na bamba likiwa la chuma, njia ya kisahani bado inafaa, au chaji zitahama na kujipanga upya kwenye kingo za tundu? Mimi nahisi zitahama, ila kipindi ni kesho saa kumi na sitaki kubahatisha.