Tupeane uzoefu: kufuatilia huduma za wanajeshi wastaafu, ofisi hadi ofisi

Wakuu, salaam.

Naomba uzi huu tukusanye yaliyowapata waliovua magwanda, pamoja na wake, waume na watoto wao. Nalenga hasa pale ambapo huduma zipo kisheria lakini mstaafu hazipati, kwa sababu hospitali ina yake, ofisi ya pensheni ina yake, na ustawi wa jamii hawana habari kabisa.

Naanza. Baba yangu alirudi na goti bovu, masikio yanayovuma usiku kucha, na kiwewe. Kila tatizo likapelekwa kliniki yake. Wa mifupa wakampa dawa kali za maumivu, wa akili wakampa za usingizi, na hakuna aliyejua mwenzake kaandika nini. Mama ndiye aliyezimwaga zote mbele ya mfamasia, naye akashtuka: dawa za maumivu za jamii ya afyuni zikichanganywa na baadhi ya za usingizi zinaweza kuzuia mtu kupumua. Tangu siku hiyo mama hatoki bila daftari lenye kila dawa, kila kipimo na kila afisa aliyeongea naye. Mama hana mshahara kwa kazi hiyo, na ni kazi ya kuajiriwa kabisa: mratibu mmoja mwenye namba ya simu inayopokelewa, anayelijua faili zima la mgonjwa.

Karibuni.

Koplo mstaafu: Mkuu, umegusa penyewe. Mimi ninakwama kwenye ushahidi. Wanataka karatasi inayoonyesha kichwa kiliumia kazini. Mlipuko ukikurusha ukiwa doria, ukiweza kusimama unaendelea na wenzako. Nani atakuandikia? Na kikosini ukilalamika sana unaonekana goigoi. Miaka imepita, kusahau kumezidi, mkono unatetemeka, na dirishani naambiwa kwenye jalada langu hakuna kitu.

Wa masijala: Koplo, pole sana. Nimefanya kazi ya kutunza majalada, nakuomba usikubali jibu la "hakuna kitu" likawa la mwisho. Julai 1973 moto uliteketeza ghala la kumbukumbu za jeshi huko St. Louis, Marekani. Majalada kati ya milioni 16 na 18 yaliungua na hayakuwa na nakala. Wenye majalada hayo walijengewa upya historia zao kwa kutumia orodha za malipo, taarifa za kila siku za vikosi na maelezo ya watu waliokuwa nao. Nawe anzia huko. Omba taarifa za kikosi chako za kipindi kile, tafuta wenzako wawili watatu waliokuona ukianguka, waandike maelezo ya kiapo. Na usikabidhi hati halisi popote kabla ya kutoa nakala.

Mwanzisha uzi: Ushauri mzuri sana huo. Ila mimi naona mzigo wenyewe umewekwa kwa mtu asiyestahili kuubeba. Sheria ya Marekani ya mwaka 1991 kuhusu Agent Orange, ile sumu ya kuua majani iliyonyunyizwa Vietnam, ilikubali kwamba aliyehudumu kule akipata magonjwa fulani yaliyotajwa, yatahesabiwa yametokana na utumishi. Hadaiwi kuthibitisha siku wala mahali alipoivuta. Vikosi vinavyojulikana kupigwa na milipuko vingefanyiwa hivyo, Koplo asingekuwa dirishani leo.

Mama wawili: Mimi nilitumikia mwenyewe. Nikifika mapokezi naulizwa, "Mumeo alikuwa kikosi gani?" Nikishaeleza, natumwa kwenye foleni ya wategemezi. Nimechoka kuanza kwa kujitetea kwamba nilibeba silaha.

Mke wa askari: Wa kwangu aliachishwa kwa utovu wa nidhamu. Alikuwa anakunywa ili apate usingizi, na hakuna aliyemuuliza analala vipi tangu warudi. Cheti kile cha kuondoka ndicho kinachotufungia kila mlango: matibabu, nyumba, hata semina za kutafuta kazi. Yaani ugonjwa ndio uliomharibia cheti, na cheti ndicho kinachomnyima tiba ya ugonjwa. Ustawi wa jamii wanasema ni mtu wa jeshi, jeshi wanasema si wao tena.

Afisa ustawi: Dada, usiache hapo. Zipo nchi zinazoruhusu aina ya kuachishwa ipitiwe upya ikiwa kuna ushahidi kwamba kiwewe kilikuwepo wakati wa kosa. Tafuta daktari wa akili aandike dalili zilianza lini, wewe na ndugu wengine mwandike mabadiliko mliyoyaona aliporudi. Ombi hilo lipeleke pamoja na barua ya kuomba tiba ya dharura, usisubiri moja liishe ndipo uanze jingine.

Mke wa askari: Asante sana. Kuna aliyewahi kupitia huko? Daktari wake wa kwanza amehama, na faili lilibaki hospitali ya zamani. Je, daktari mpya anaweza kuliomba yeye mwenyewe, au ni lazima mume wangu asaini kwanza?

Afisa ustawi: Kwa kawaida mgonjwa anasaini idhini ya maandishi. Asaini mapema, na itaje hospitali zote mbili.