Vinywele vya hisi kwenye vipapasio vya mbawakawa wa magome

Swali: Ndugu wanajukwaa, nasoma kuhusu Ips typographus, mbawakawa anayeua misprusi (miti ya jamii ya misonobari) huko Ulaya. Nimeona picha za mikroskopu ya elektroni zikionyesha vinywele vingi kwenye kirungu cha kipapasio chake, yaani ile ncha iliyovimba. Je, vyote vinanusa?

Jibu la 1: La, si vyote. Vile virefu vyenye ncha kali na visivyo na matundu hutumika hasa kugusa. Vinavyonusa ni vifupi zaidi, vimejipanga kwa mikanda juu ya kirungu, na kuta zao zina vitundu vidogo mno ambamo molekuli za harufu hupenya hadi kwenye majimaji yanayozunguka ncha za neva.

Jibu la 2: Niongeze kwamba neva hizo zimegawana kazi. Ipo inayoitikia kemikali iitwayo sisi-verbenoli, ambayo ni sehemu ya harufu ambayo mbawakawa hawa hutumia kuwaita wenzao. Ipo ya verbenoni, kemikali nyingine inayoashiria kuwa mti umeshajaa. Na zipo zinazotambua harufu za miti ya majani mapana, ambayo haimfai mbawakawa huyu.

Muulizaji: Ahsanteni sana. Je, kinywele kimoja huwa na neva moja tu?

Jibu la 2: Hapana, na hapa ndipo pananivutia zaidi: neva ya sisi-verbenoli hukaa pamoja na ile ya sineoli, kemikali itokayo kwenye msprusi wenyewe, na sineoli inapofika, mwitikio wa neva ya kwanza hufifia, hivyo wito wa wenzake hupungua nguvu ndani ya kinywele hichohicho, kabla haujafika kwenye ubongo.