Mjadala: Kufunga mwamba kunarudisha matumbawe, au kunamwonea mvuvi bure?

Mleta mada:
Wadau, kila kukicha wavuvi wa pwani ya Kenya wanaambiwa watenge kipande cha mwamba kisivuliwe, eti matumbawe yatajirudi yenyewe. Joto la bahari la 1998 halikuuliza nani ana hifadhi. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zimelindwa tangu 1968, na matumbawe yake yaligeuka meupe yakafa kama ya kwingine. Tena huko hifadhini ndiko hasara ilikokuwa kubwa, maana ndiko yalikokuwa mengi. Sasa mwenye malema yake, ile mitego ya kusuka, afukuzwe kwa faida ya nani?

Mchangiaji:
La joto nakubali, hakuna askari wa kulizuia. Ila umeruka kinachofuata. Kiluwiluwi cha tumbawe, yaani mtoto wa mnyama huyo, huelea siku kadhaa kisha hutafuta pa kushika, na hakishiki popote tu. Kinapenda ule mwani mgumu wa chokaa, wa rangi ya waridi, ulioganda juu ya jiwe. Watafiti hufunga vigae mwambani, wakavitoa baada ya miezi na kuvichungulia kwa hadubini. Mara nyingi vichanga hukutwa upande wa chini, vimejificha, vidogo kuliko punje ya mchele.

Sasa njoo kwenye mwamba uliovuliwa kupita kiasi. Samaki aitwaye kikande kaisha, na kikande ndiye mlaji mkuu wa wale wanyama wa miiba wanaowachoma watu miguu. Wakizidi, wanakwangua jiwe hadi mwani ule unakwisha, na kichanga kinakosa pa kushika. Haya yamepimwa hapahapa Kenya, hifadhini na nje yake. Sisemi pwani nzima ifungwe. Kikande akiingia lemani, arudishwe majini.

Mleta mada:
Hapo umenena, ndugu yangu, ingawa hata hifadhini kikande alichukua zaidi ya miaka kumi kurudi kwa wingi. Watu wa Kuruwitu, kule Kilifi, sina ugomvi nao: wavuvi wenyewe walikaa chini wakatenga tengefu lao, hekta kama 30. Kinachoniudhi ni mpaka unaochorwa ofisini. Na juya je, ule wavu wa kukokota? Limepigwa marufuku tangu 2001, lakini bado linakokotwa mchana kweupe, linavunja matumbawe na kuzoa samaki wachanga. Kabla ya kumgusa mtu wa malema, nani atalitoa juya majini? Wa BMU mliopo, yaani vikundi vya kusimamia ufuo, jibuni.