Kufunga mwamba wa pweza miezi mitatu, anayelala njaa ni nani?

MwanaDiko:
Asalaam aleikum jamani. Huku kwetu kusini Pemba kumekuwa hakusemezeki tangu kikao cha shehia, barazani watu washaanza kununiana, nikaona bora niulete huku tuzungumze. Kamati ya wavuvi inataka mwamba ufungwe tena miezi mitatu, pweza asiguswe na mtu, halafu siku ya kufungua watu waingie wote pamoja. Mie siupingi ufungaji, naomba nisomwe mpaka mwisho kabla hamjanirukia. Ninalolipinga ni kufunga mwamba mzima kwa mpigo bila ya kuuliza nani ana pengine pa kwenda na nani hana.

Faida yake haina ubishi. Pweza wetu huyu maisha yake mwaka na kidogo tu, anakua mbio, na mama akishataga anakaa na mayai yake pangoni hali kitu mpaka yaanguliwe, kisha anakufa. Ukimpa miezi miwili mitatu yule uliyekuwa unamtoa mdogo kama kiganja unamkuta mzigo. Madagascar kule Andavadoaka walianza 2004, hapa Pemba Kisiwa Panza ni katika waliotangulia, na Unguja waulizeni watu wa Kizimkazi.

Sasa tazameni. Mwanamme anazamia maji marefu, akifungiwa hapa anapiga kasia mwamba mwengine, au anatupa mshipi, au anakwenda zake dago, kambi ya wavuvi, huko mbali na akirudi ana kitu mfukoni. Mwanamke anakwenda kwa miguu yake wakati wa bamvua, yale maji makubwa yanayokupwa sana mara mbili kwa mwezi, na mchokoo wake, kijiti cha kumtolea pweza pangoni, na kikapu, na anafika pale maji yanapomruhusu basi. Miezi mitatu ni bamvua sita. Bamvua sita mwambie mjane mwenye watoto wa skuli akae tu nyumbani atazame bahari! Na zamani angalau angesema narudi bondeni kwenye mpunga, lakini mabonde si ndio hayo maji ya chumvi yameingia, kuna pahala watu walishaacha kulima kabisa na pamebaki majani ya chumvi tu. Mwani nao, ule cottonii wenye bei joto likizidi unaoza kambani, spinosum unastahamili lakini bei yake unaijua. Kwa hivyo kila bahari inapotunyang'anya kitu nchi kavu watu wanashuka mwambani, mwamba ndio ghala iliyobaki, na nyie mnataka kuweka kufuli kwa watu wote sawasawa wakati watu hawako sawasawa.

Mie nasema hivi: ufungwe mwamba wa nje, wa karibu na pwani waachiwe kinamama. Na muda wa kufunga ufuate karafuu, zikiwa zimeiva mikono yote iko mashambani kuchuma na kuchambua, pesa ipo, mtu haumii.

KasiaMoja:
Kaka umesema kwa uchungu na nimekufahamu, lakini hapo kwenye kuacha mwamba wa karibu umeharibu kila kitu. Pweza mdogo anakaa wapi? Si huko huko maji mafupi! Anapokua ndio anashuka nje kwenye kina. Sasa ukifunga nje ukaacha ndani umefunga wazee umeacha watoto wavuliwe, utafungua hiyo miezi mitatu yako ukute nini? Mie doria nakaa, usiku, kwa petroli ya kuchangishana, na nakwambia tunaowakamata na tochi si wageni, ni watoto wetu, na wakiulizwa kila mmoja anasema nilikuwa sehemu iliyo wazi. Mpaka wa baharini nani anauona usiku? Ufungwe wote au usifungwe kabisa.

MwanaDiko:
Sawa hilo la watoto wa pweza lina uzito, silikatai. Basi tusikate nje na ndani, tukate kwa ubavu: nusu ya mashariki ifungwe yote kuanzia pwani mpaka kinani, nusu ya magharibi iwe wazi, halafu mwakani tunageuza. Hapo mdogo na mkubwa wote wamepumzika upande mmoja na kinamama wana pa kwenda. Mpaka tia maboya hata ya madumu. Na hao vijana wa tochi kaka, wanaiba kwa sababu kwao hakujapikwa, doria peke yake haitawazuia hata tukimwaga petroli ya meli.

MamaMchokoo:
Wanangu nyote nawasoma. Mnaubishania mwamba wangu na hakuna hata mmoja aliyeniuliza, haya nasema mwenyewe bila ya kuulizwa. Sisi hatukatai kufunga. Tuliwahi kufungiwa na tukastahamili, tukala muhogo na dagaa wa kukopa, tukisema siku ya kufungua tutalipa. Siku yenyewe imekuja, wazamiaji washaingia na madau tangu alfajiri maji bado marefu, na sisi tunasubiri yapwe tuweze kutembea, tunafika tunakuta mapango matupu, yamechokolewa mpaka mawe yamepinduliwa. Nikapata wadogo wawili. Halafu tunarudi dikoni, pale mashua zinaposhushia samaki, mwenye ndoo ya barafu anasema leo pweza wengi, bei imeshuka, na kweli wengi maana kijiji kizima kimetoa siku moja. Sasa nani alifunga na nani alikula?

Mie sitaki unipe nusu ya mashariki wala ya magharibi mwanangu. Nataka siku ya kufungua bamvua la mwanzo liwe la waendao kwa miguu peke yao, mwanamke, mzee, mtoto, wazamiaji wangoje siku tatu nne. Hawatakufa, wana mashua. Na mnunuzi tukubaliane naye bei kabla ya kufungua, si baada.

KasiaMoja:
Bibi shikamoo. Hilo la siku za mwanzo mie naliunga mkono, na kwenye kamati sijawahi kulisikia hata mara moja, labda kwa sababu tunaokaa mbele wote tuna mashua 😅

MkojaniHalisi:
Nyie mnapendeza mnavyogawana bahari kama keki ya harusi. Sisi watu wa Kojani tumevua pwani hii yote tangu mababu, dago kwetu si ujambazi ni maisha, kisiwa chetu hakina shamba la kumtosha mtu. Leo kijiji hiki kimefunga, kesho kile, kila shehia na kamati yake na kitambulisho chake na faini yake, naambiwa wewe mgeni. Mgeni wa bahari? Sheria ya uvuvi ya 2010 inanitaka leseni, leseni ninayo. Mkishafunga nyote sisi twende wapi, tukavue angani? Halafu mkisikia vijiji vyengine wamezidiwa na madago mnashangaa, si nyie mliotusukuma huko.

MwanaDiko:
Ami, hujambo. Lako ndilo gumu kuliko yote na wala sijidai kulitatua. Lakini na wewe sema kweli, kuna madago wanaokuja wanafuata taratibu, wanapita kwa sheha, wanakaa vizuri, na kuna wanaokuja na juya, wavu wa kukokota, wakaburura mpaka matumbawe, na matumbawe yenyewe yalishapauka 1998 yakapauka tena 2016 kwa joto la bahari, hayana nguvu ya kupigwa mara mbili. Wa mwanzo mie namkaribisha. Wa pili hata angekuwa ndugu yangu wa tumbo moja namwambia arudi.

MkojaniHalisi:
Juya hata mie silitaki. Lakini mnapotufukuza hamuulizi nani ana juya.

Maalim wa Wete:
Naomba niguse hilo la karafuu tu. Kufunga wakati wa mavuno ni wazo zuri kwenye karatasi, lakini mkarafuu hauzai kila mwaka sawa, kuna mwaka unakupa mpaka vyanu havitoshi na kuna mwaka unakutazama tu. Na vijiji vya visiwani havina mikarafuu, watu wake wanavuka kwenda kuchuma kwa kibarua, mwaka wa njaa ya karafuu hawavuki. Mnakumbuka tulivyosomeshwa kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikanusurika, ndio mana mpaka leo jina la karafuu liko kwetu. Yaani riziki yenyewe tuliipata kwa maafa ya wenzetu, na siku moja zamu inaweza ikawa yetu. Kwa hivyo msiandike kwenye sheria ndogo "wakati wa karafuu", andikeni kamati ikae kila mwaka itazame karafuu zikoje, mwani ukoje, halafu ndio ipange mwezi. Na isiwe kusi kali, mana hapo mashua ndogo hazitoki nje na kijiji kizima kinategemea mwamba.

BintiMakoongwe:
Hapo kwenye kusi asante maalim, mwaka ule walifunga kusi tukaona cha moto 😂 Mie naongeza moja dogo, hizo faini na michango ya siku ya kufungua zinakwenda wapi? Kwetu ziliambiwa zitajenga choo cha diko. Choo hatujakiona. Kama kuna kitu kinakusanywa basi kiwe akiba ya wale wanaofungiwa, mtu akopeshwe bamvua la nne la tano akiwa hana kitu, alipe siku ya kufungua. Kama tunavyofanya hisa za kinamama tu, hakuna elimu kubwa hapo.

MamaMchokoo:
Huyu binti kasema. Na daftari la pesa lishikwe na mwanamke.

MwanaDiko:
Haya, mimi kikao kijacho naingia na mambo matatu: bamvua la mwanzo la waendao kwa miguu, akiba ya mkopo badala ya choo, na mwezi wa kufunga upangwe kila mwaka. La nusu kwa nusu nitalisema lakini najua KasiaMoja atalipinga, tutaona. La madago ami sina jibu, ila ntaomba kamati imwite mtu wa Kojani aje akae ndani ya kikao kabla hatujapiga muhuri. Bibi na wewe uje, usiniambie una kazi.

MamaMchokoo:
Kikao saa ngapi? Kama ni wakati wa maji kupwa sitakuja, ubadilisheni.