Mjadala: Je, mhubiri asiye na cheti cha theolojia azuiwe kufasiri Maandiko?

Mleta mada, Tudor

Tangu mwaka 2023, ilipoanza kufukuliwa miili iliyozidi 400 ya waumini wa mhubiri mmoja katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, na hasa baada ya jopo lililoundwa na Rais kuwasilisha ripoti yake mwaka 2024, kila kikao cha wachungaji ninachohudhuria hapa Mombasa huzaa pendekezo lile lile: asiye na cheti cha chuo cha theolojia asipande mimbarini. Mimi cheti hicho ninacho, na pendekezo hilo nalipinga.

Miaka kadhaa iliyopita nilihubiri Mathayo 13:47, Yesu anapofananisha ufalme wa mbinguni na juya lililotupwa baharini. Nilieleza, kwa ufasaha nilioufurahia mwenyewe, jinsi mvuvi mmoja stadi anavyorusha wavu wake na kumpata samaki aliyemlenga, kisha nikajenga juu yake somo zima kuhusu wateule. Baada ya ibada, mzee mmoja mvuvi wa Mtongwe, ambaye Biblia husomewa na wajukuu, alinisubiri mlangoni. Akaniambia kwa adabu, "Mchungaji, uliyemweleza wewe ni mrusha kimia. Juya huvutwa na watu wengi, nalo halichagui. Linazoa samaki, mwani na taka. Kuchagua ni pwani."

Nilirudi nyumbani nikafungua kamusi yangu ya Kigiriki. Neno la pale ni *sagene*, ambalo halitokei mahali pengine popote katika Agano Jipya, na maana yake ni wavu wa kukokota, ndilo juya hasa. Kibaya zaidi, aya ya 48 inasema waziwazi kwamba wavuvi waliketi wakachagua baada ya wavu kujaa na kuvutwa pwani, na aya hiyo nilikuwa nimeisoma kwa sauti mbele ya watu wote. Kilichonipoteza si upungufu wa masomo. Nilikuwa nimekwisha kuamua Maandiko yaseme nini kabla sijayafungua.

Mchangiaji, Kisauni

Mchungaji, kisa chako kinapendeza, lakini kinakugeukia. Ulihakikisha kwamba mzee yule amesema kweli kwa sababu ulikuwa na kamusi na ulifundishwa kuitumia. Kwa mujibu wa mashtaka yaliyofikishwa mahakamani, waumini wa Shakahola walihimizwa wafunge hadi wafe. Sasa chukua Marko 9:29: zipo Biblia zinazosoma "kuomba na kufunga", ilhali nakala mbili za kale mno za Kigiriki, ile ya Sinai na ile ya Vatikano, zinataja kuomba tu. Mhubiri aliyepita chuoni anajua kwamba hapo pana utata, na nadhani atasita kuijengea aya hiyo fundisho la njaa. Unyenyekevu umo moyoni mwa mtu, na hakuna afisa wa serikali atakayeupima. Cheti anaweza kukikagua. Kati ya kipimo kilicho na upungufu na kutokuwa na kipimo kabisa, mimi nachagua cha kwanza.

Mchangiaji, Mji wa Kale

Mimi ni Mwislamu, na mniwie radhi kwa kuingia barazani bila kuitwa. Kwetu, kwa desturi, mtu hasomeshi kitabu mpaka akisome mbele ya shehe, naye shehe alikisoma mbele ya shehe wake, ndipo apewe ijaza, yaani idhini ya kukisomesha. Ijaza hiyo haitoki serikalini. Anayeitoa amekaa na mwanafunzi kwa muda mrefu, amemwona akikosea na amemwona akirudi. Hata akishaipata, mwenye elimu hulifunga jibu lake kwa "Wallahu aalam", Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, ingawa sikatai kwamba wako wanaolitamka kwa mazoea tu.

Mleta mada, Tudor

Dada wa Kisauni, kuhusu kamusi umenishika, wala sikusudii kusema kwamba elimu haina kazi. Hata hivyo, Matendo 18 inatueleza habari za Apolo, mzaliwa wa Aleksandria, msemaji hodari aliyeyajua sana Maandiko, ambaye Priskila na Akila, mafundi wa kushona mahema, walimchukua wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Vyeti vingekuwapo siku zile, mwenye cheti angekuwa Apolo. Na katika mji wetu huu, mmisionari Mjerumani Krapf alipofika mwaka 1844 na kuanza mwezi Juni kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, alisaidiwa na Kadhi wa Mombasa, mtu wa imani nyingine kabisa.

Ndugu wa Mji wa Kale, hilo la ijaza limenigusa kuliko nilivyotarajia, kwa kuwa chuoni kwetu tulipimwa kwa karatasi za mitihani, na sikumbuki hata siku moja niliyosahihishwa mbele ya watu nitakaowachunga. Basi nitasogea kidogo. Serikali isajili makanisa, na ikague kama watoto wanakula na wanakwenda shule, maana hayo hayahitaji mfasiri. Lakini suala la nani asimame mimbarini liachiwe usharika unaomjua mtu huyo. Kwa watakaochangia baada yetu nina swali moja: katika kanisa lako, muumini akiona kwamba mchungaji ameikosea aya, hulipeleka wapi neno lake, na humpata nini baada ya hapo?