Ulinganisho: lenzi ndogo ya kuvuta kwa safari ya Mtwara hadi Kilwa, 55-250, 75-300, 70-300 au kuhamia kamera ndogo?

Mwalimu_Masasi

Salamu kwenu nyote. Mimi ni mwalimu, ninaishi Masasi, na katika likizo ya Desemba ninakusudia kusafiri kwa basi hadi Mtwara mjini, nipite Mikindani na Lindi, kisha nimalizie Kilwa Masoko na kuvuka kwenda Kilwa Kisiwani. Kamera yangu ni Canon 250D pamoja na lenzi ya 18-55 iliyokuja nayo, na safari iliyopita ilinionyesha kwamba milimita 55, ambazo ndizo mwisho wake wa kuvuta, hazinitoshi. Ngalawa zilizokuwa zikirudi kutoka kuvua zilitokea kama punje za mtama juu ya maji, na mchongaji wa vinyago niliyetaka kupiga picha za mikono yake nililazimika kumsogelea hadi akaacha kazi na kuanza kunitazama mimi.

Nimebakiwa na njia nne: 55-250 IS STM (IS ni kizuia mtikiso, STM ni aina ya mota ya kulenga), 75-300 III ambayo ndiyo ya bei ya chini kuliko zote, 70-300 IS II, au ushauri wa rafiki yangu kwamba niuze kila kitu nikanunue kamera ndogo ya Olympus yenye lenzi ya 40-150. Vyote vitakaa katika begi moja la mgongoni pamoja na nguo, kwa hiyo uzito ni jambo kubwa kwangu. Je, zile milimita 50 kati ya 250 na 300 zina thamani ya kubebwa?

Mkaazi_Mikindani

Mwalimu, karibu sana. Swali lako linajibika kwa hesabu kabla ya kufika kwenye mapenzi ya mtu, basi naomba nianze na hesabu. Kihisi cha kamera yako, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea picha, kina upana wa milimita 22.3. Ukisimama ufukweni na ngalawa ikiwa mita 100 mbele yako, lenzi uliyonayo sasa, ukiivuta hadi mwisho wake wa 55, inaona upana wa takriban mita 40, kwa hiyo ngalawa ya mita sita haifikii hata sehemu moja ya sita ya picha. Hapo ndipo zilipotoka punje zako za mtama. Katika milimita 250 upana huo unashuka hadi karibu mita tisa, na ngalawa ileile inajaza theluthi mbili ya picha. Katika milimita 300 utapata mita saba na nusu hivi. Kutoka 55 hadi 250 umevuka mto. Kutoka 250 hadi 300 umeruka mfereji tu, na mfereji huo unaweza kuuruka nyumbani kwa kupunguza kingo za picha, maana kamera yako ina megapikseli 24.

Upande wa mizani, 55-250 STM ina gramu 375 na 70-300 IS II ina gramu 710. Ukijumlisha na kamera, ambayo ni kama gramu 450 ikiwa na betri, unapata gramu 825 kwa seti ya kwanza na karibu gramu 1,160 kwa ya pili. Tofauti hiyo huisikii dukani. Utaisikia utakapokuwa umetoka ufukweni kupanda hadi Boma la Wajerumani la mwaka 1895, jua limekukalia utosini, na mkanda unakukata shingo. Saa hiyo lenzi nzito hurudishwa ndani ya begi na haitoki tena mpaka jioni.

Kwa mchongaji wako, 55-250 STM inakubali kulenga kitu kilicho sentimita 85 kutoka kwenye kihisi, na hapo picha nzima inakuwa na upana wa karibu sentimita nane, yaani patasi, vidole viwili na maganda ya mpingo yanayodondoka. Ukirudi nyuma mita tatu au nne bado utaipata mikono yake yote bila kumghasi. Isitoshe, inatumia filta ya milimita 58, sawa na 18-55 yako ikiwa ni ile ya f/4-5.6, hivyo filta moja itahudumia lenzi zote mbili.

Shangani_Jioni

Ninamheshimu mzee wa Mikindani, lakini hesabu yake imeacha nje jambo moja. Mimi hupiga picha za harusi na za mpira katika Uwanja wa Nangwanda Sijaona, na ninatumia 70-300 IS II kwa sababu mota yake hulenga upesi mno. Mshambuliaji akitoka katikati ya uwanja akielekea golini, lenzi inamfuata bila kusitasita. Vilevile kifungio chake, pale inaposhikana na kamera, ni cha chuma, ilhali cha 55-250 ni cha plastiki, na siku ukihamia kamera ya kihisi kikubwa utahama nayo, wakati 55-250 imetengenezwa kwa ajili ya kihisi kidogo peke yake.

Hata hivyo nakiri kwamba mimi huenda uwanjani kwa bajaji na kurudi kwa bajaji. Kama ningepanda basi na begi lako, huenda ningesema mengine.

Mama_Newala

Mwanangu mwalimu, mimi ndiye niliyeinunua hiyo 75-300 III kwa sababu ya bei, basi nikueleze ilivyokuwa. Haina kizuia mtikiso. Nilikwenda nayo Shimo la Mungu jioni, pale uwanda wa juu unapokatika ghafla na bonde la Ruvuma kulala chini yako hadi upande wa Msumbiji, nikaivuta hadi 300 na kupiga picha arobaini na tatu. Zilizotulia zilikuwa nne, na zote nne nilikuwa nimeegemeza kamera juu ya jiwe.

Sababu yake niliielewa baadaye. Ili mkono wa kawaida usiharibu picha, kasi ya shata isiwe chini ya moja gawanya kwa urefu wa lenzi, na kwa kamera zetu urefu huo unauzidisha kwanza kwa 1.6. Kwa 300 unahitaji takriban 1/500 ya sekunde, na jioni, kwa uwazi wa lenzi wa f/5.6, kasi hiyo huipati mpaka upandishe ISO, yaani wepesi wa kihisi kupokea mwanga, na picha ijae chenga. Watengenezaji wa 55-250 STM wanasema kizuia mtikiso chake kinaokoa hatua tatu na nusu, kila hatua ikiwa ni kupunguza kasi kwa nusu, maana yake kitu kisichotembea unaweza kukijaribu hata kwa 1/40. Jambo jingine ni kwamba mdomo wa 75-300 huzunguka lenzi inapolenga, kwa hiyo filta ya kukata mng'ao wa maji lazima uirekebishe upya kila mara. Bei yake nafuu mimi niliilipia mara mbili.

Niongeze neno kwa wenye Nikon wanaosoma hapa. Nikon ya AF-P DX 70-300, ile ya kihisi kidogo, ni nyepesi, gramu 415 ikiwa na kizuia mtikiso, lakini haifanyi kazi na kamera kadhaa za zamani. Mpwa wangu aliifunga kwenye D3200 na haikulenga kabisa.

Mtembezi_Kilwa

Mwalimu, mimi huwavusha wageni kwenda Kisiwani, na ninaona lenzi za kila namna zikipanda chomboni. Kizuia mtikiso kinatuliza mkono wako, hakitulizi bahari. Desemba upepo wa kaskazi unaanza, na chombo kikiyumba unahitaji kasi ya 1/500 au zaidi hata kama lenzi yako ina kila kitu. Kwa hiyo kile Mama wa Newala alichokisema ni kweli kwa nchi kavu, lakini chomboni lenzi hizo zinakaribiana zaidi kuliko mnavyodhani.

La pili ni joto. Kuanzia saa nne asubuhi hewa iliyo juu ya maji hutetemeka kama mazigazi, na ngome ya Gereza ukiitazama kutoka mbali kwa milimita 300 inaonekana kama imechorwa kwenye kitambaa kinachopepea. Hapo hakuna lenzi itakayokusaidia, ya bei yoyote ile. Vuka saa kumi na mbili asubuhi, na milimita 250 zitakupa ukuta ulionyooka.

Ukishashuka, lenzi ya kuvuta utaiweka kando kwa muda mrefu, kwa kuwa nguzo na kuba za Msikiti Mkuu zinahitaji milimita 18 zako. Badilisha lenzi ukiwa ndani ya kuta, usibadilishe chomboni. Na tafadhali, wanawake wanaookota pweza maji yakipwa waombe ruhusa kwanza, kwani lenzi ndefu isiwe sababu ya kuwapiga watu kwa kuvizia.

Kuhusu Olympus, rafiki yako hakukosea sana. Lenzi ya 40-150 ina gramu 190 tu, na kwa kihisi chake inaona kama 80-300 kwenye kamera ya kihisi kikubwa. Shida ni kwamba lenzi yenyewe haina kizuia mtikiso, inategemea kilichomo ndani ya kamera, na wewe tayari una kamera nzuri. Kuuza vitu vya mkononi ukiwa na haraka ya safari ni hasara.

Mwalimu_Masasi

Nawashukuru sana. Nimeiondoa 75-300, na Olympus nimeiacha. Nimepata mtu anayeuza 55-250 iliyotumika, lakini tangazo lake halisemi STM. Je, ni ileile?

Mkaazi_Mikindani

Siyo ileile. Kuna matoleo matatu: IS ya mwaka 2007, IS II ya 2011, na IS STM ya 2013. Mawili ya mwanzo hulenga kwa kelele na midomo yao huzunguka kama ile ya Mama wa Newala. Tazama maandishi yanayozunguka kioo cha mbele. Kama herufi STM hazipo, mshushe bei sana au umwache.

Na usinunue bila tochi. Niliwahi kuuziwa lenzi ya mtumba ambayo kwa macho ilikuwa safi kabisa. Nilipofika nyumbani nikawasha taa ya simu, nikaimulika kwa nyuma huku nikitazama kwa mbele kwa pembeni, nikaona nyuzi nyeupe zimetambaa kutoka ukingoni kama utando wa buibui: kuvu, kwa unyevu huu wa pwani. Yako ukiipata, usiifungie kabatini ndani ya mfuko wake wa ngozi. Iweke kwenye kopo kavu la plastiki lenye mfuniko, pamoja na vile vipakiti vya kukaushia vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Na kwa kuwa Desemba mvua zinaanza na hakuna hata moja kati ya lenzi hizi iliyozibwa dhidi ya maji, weka mfuko wa nailoni begini.

Mwalimu_Masasi

Muuzaji amenitumia picha ya kioo cha mbele. Imeandikwa IS II. Nimemwacha.

Shangani_Jioni

Binamu yangu ana STM ambayo haitumii tangu anunue kubwa zaidi. Ukifika Mtwara tukutane kwenye kivuko cha Msangamkuu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nami nitakuja na 70-300 yangu. Uzifunge zote mbili kwenye kamera yako, upige ngalawa zinazoingia, halafu uamue. Tochi njoo nayo wewe.