Mabuti ya chatu na ya mamba: magamba yanainuka, madoa meupe yanarudi

Himbi2 ameuliza:

Jambo wandugu. Nina jozi mbili za mabuti na sitaki kuziharibu kwa kubahatisha.

Ya kwanza ni ya chatu, rangi ya asili, kijivu na nyeusi na nyeupe, mtindo wa kauboi. Shingo ya buti ni ngozi ya ng'ombe nyeusi. Pale mguu unapojikunja magamba yameanza kuinuka, ncha zimekauka na zinakwama kwenye suruali. Ya pili ni ya kahawia inayong'aa, muuzaji alisema ni mamba. Ina madoa meupe kwenye mifereji kati ya magamba. Nikifuta kwa kitambaa chenye maji yanatoweka, ikikauka yanarudi palepale.

Nyumbani kuna siraji (rangi ya kung'arisha viatu) ya kopo nyeusi, nyingine isiyo na rangi, vaselini, na sabuni ya kufulia. Wapiga siraji wa hapa mjini Goma wote wanataka kupaka siraji ya maji. Nianze wapi?

---

Fundi_Birere:

Mukubwa, siraji ya maji isikaribie jozi yoyote kati ya hizo. Ndani yake kuna rangi na plastiki. Inatanda juu ya gamba, inajaa kwenye mifereji, na mguu ukijikunja mara chache inapasuka. Kuitoa kunataka dawa kali ambayo itaondoka na mng'ao wa kiwandani pia. Kwa chatu ni mbaya zaidi, maana weusi unaingia kwenye ngozi nyeupe iliyo chini ya gamba na hautoki tena. Siraji nyeusi ya kopo ina hatari hiyohiyo. Iache kwa shingo ya ng'ombe tu.

Sabuni ya kufulia inaondoa mafuta ya ngozi pamoja na uchafu. Vaselini haiingii ndani, inakaa juu na kushika vumbi. Na vumbi la Goma si la kuchezea: ni mawe ya volkeno yaliyosagwa, chembe za glasi na madini zenye ncha kali. Ukisugua kitambaa juu yake, unakwangua. Ndiyo maana kazi yote inaanza kwa brosi kavu, hata kama buti linaonekana safi.

Nianze na chatu.

Kwanza tafuta mwelekeo wa magamba. Pitisha kidole polepole: upande mmoja kinateleza, upande wa pili kinakwama. Kila utakachofanya baada ya hapo, brosi, kitambaa, mafuta, kifuate upande unaoteleza. Usifanye mizunguko kama unavyofanya kwenye kiatu cha kawaida, hiyo mizunguko ndiyo inayoinua magamba. Angalia kila buti peke yake na kila upande wake, kwa sababu vipande havikatwi sikuzote kwa mwelekeo mmoja.

Weka forma ya mbao (umbo la mguu) ndani, au karatasi nyeupe zilizokunjwa hadi mikunjo ya juu inyooke. Ngozi iliyojikunja inaficha vumbi kwenye mkunjo. Brosi iwe ya manyoya laini ya farasi. Ukikosa, brashi mpya ya mchoraji yenye nywele laini inafanya kazi vizuri. Mswaki hapana.

Kisha kitambaa cha pamba kilicholoweshwa na kukamuliwa mpaka ukikibonyeza mkononi tone halitoki. Pitisha mara moja au mbili, acha likauke kivulini nusu saa. Maji mengi yanaingia chini ya gamba, ngozi ya chini inavimba kisha inasinyaa, na gamba ambalo ni gumu halisinyai nayo. Hapo ndipo ncha inajikunja juu.

Halafu losheni ya ngozi za reptilia. Tafuta chupa iliyoandikwa hivyo, au isiyobadilisha rangi kama Bick 4. Mafuta ya minki na mafuta ya miguu ya ng'ombe ni ya mabuti ya kazi. Hapa yatafanya sehemu nyeupe iwe ya manjano. Kiasi ni punje moja ya mahindi kwa buti zima, unaisambaza kwanza kwenye kitambaa, siyo moja kwa moja kwenye ngozi. Subiri dakika 20 hadi 30, futa inayobaki, acha usiku kucha, kisha rudia kidogo kwenye mkunjo tu. Tabaka mbili nyembamba zinaingia. Moja nzito inabaki juu na kunata.

Gamba lililoinuka: mara nyingi losheni ikiingia siku mbili tatu linalegea na kulala lenyewe, kwa hiyo usikimbilie gundi. Ambalo halikulala, chukua gundi ya fundi viatu ile ya njano, kiasi cha ncha ya kijiti cha meno, weka chini ya gamba, subiri dakika chache ikauke kidogo, kisha bonyeza kwa kidole ukielekea upande wa ncha. Supaglu usitumie. Inakuwa ngumu, inaacha ukungu mweupe, na buti likijikunja gamba linakatika badala ya kupinda. Gamba lililokatika halioti tena.

Kwa chatu siraji ya nta hakuna kabisa. Ukimaliza losheni, brosi kavu mara chache na imetosha.

---

Maabara_Kyeshero:

Naongeza kuhusu madoa meupe, kwa sababu watu wanayatibu yote kwa dawa moja wakati vyanzo ni vinne.

Chumvi za maji: yakiloweshwa yanatoweka, yakikauka yanarudi mahali palepale na umbo lilelile. Ukungu: una harufu, unatoka kama unga, unarudi baada ya siku kadhaa na umepanuka. Mafuta ya ndani ya ngozi yaliyopanda juu: yanafanana na ukungu, lakini ukipuliza hewa ya uvuguvugu ya mashine ya nywele kutoka mbali kidogo, yanayeyuka na kupotea, wakati ukungu haubadiliki kwa joto. Nta ya zamani: ukikwangua kidogo kwa ukucha, inatoka kama nta ya mshumaa.

Kwa maelezo yako ni chumvi, na kitambaa chako chenyewe kinaziongeza. Maji ya bomba ya Goma yanatoka Ziwa Kivu, na maji ya juu ya ziwa hilo yana pH karibu 9 na madini mengi. Ngozi iliyotengenezwa inakaa upande wa asidi, takriban 3.5 hadi 5. Kila unapofuta kwa maji ya bomba unaacha madini mapya kwenye mfereji na kuisukuma ngozi nje ya hali yake. Maji ya mvua ya paa nayo hayafai, kwa sababu moshi wa volkeno ya Nyiragongo unayatia asidi.

Tumia maji yaliyosafishwa kwa mvuke, yale yanayouzwa kwa ajili ya kujazia betri za gari. Soma chupa vizuri: kwenye rafu hiyohiyo huwa kuna asidi ya betri, na chupa zinafanana. Ukikosa, maji ya chupa ya kunywa ni nafuu kuliko ya bomba. Kuchemsha hakusaidii, maji yanapungua na chumvi nyingi zinabaki.

Changanya kijiko kimoja cha siki nyeupe na vijiko vitatu vya maji hayo. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana, chini ya ukingo wa shingo au karibu na kisigino upande wa ndani, ukauke, uangalie kama mng'ao umefifia. Ukiwa sawa, lowesha kijiti cha pamba cha masikio, kikamue, pitisha ndani ya mfereji tu, halafu kijiti kingine chenye maji matupu, halafu kikavu. Badilisha kijiti kila baada ya mifereji michache, la sivyo unahamisha chumvi kutoka hapa kwenda pale.

---

Himbi2:

Aksanti sana wakubwa. Nimejaribu hewa ya uvuguvugu, madoa hayakubadilika, na hayana harufu. Basi ni chumvi. Swali lingine: hii ya kahawia ni ngumu sana kuliko nilivyotarajia, na kati ya magamba mawili ya mbele kuna mstari mwembamba unaoonekana mweupe nikikunja kidole. Kila gamba lina vishimo vidogo vingi. Ni mamba kweli? Na kwa hii naweza kupiga siraji ya nta ing'ae?

---

Katindo_Ngozi:

Vishimo vingi kwenye kila gamba ni alama ya kaimani, mnyama wa Amerika ya Kati na Kusini. Mamba wa kawaida ana kitone kimoja kidogo kwenye gamba, karibu na ukingo, na aligeta kwenye tumbo hana kitone hicho. Siyo kwamba muuzaji alidanganya moja kwa moja, wote ni ndugu, ila bei na matunzo ni tofauti. Kaimani ana vipande vya mfupa ndani ya magamba. Vishimo ni mahali mifupa hiyo ilipokuwa au bado ipo. Kwa hiyo gamba halipindi, na mkunjo wote wa mguu unabebwa na ule mfereji mwembamba kati ya gamba na gamba. Mfereji ukikauka unapasuka.

Kaka, huo mstari mweupe ndio mwanzo. Bado ni mng'ao wa juu uliovunjika au ni ngozi yenyewe? Weka tone dogo la losheni kwenye mstari. Ukifunga na kuwa kahawia kwa siku kadhaa, ni mng'ao. Ukifunguka tena kesho yake na ukucha unaingia, ngozi imepasuka, na hakuna mafuta yatakayoiunganisha. Unaweza kuitunza isiendelee, basi.

Kwa kaimani losheni inaenda kwenye mfereji, siyo juu ya gamba. Tumia kijiti cha pamba, na baada ya dakika 20 futa iliyobaki juu ya magamba. Ukipaka kote, juu panakuwa na utelezi na chini pamebaki pakavu. Rudia kila baada ya kuvaa mara nane hadi kumi, na miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti, usisubiri hiyo hesabu. Ukiona mfereji umepauka, paka.

Nta: ndiyo, lakini kwa ncha ya mbele na kisigino tu, mahali pasipojikunja. Siraji isiyo na rangi, safu nyembamba iliyopakwa kwa kidole kilichofungwa kitambaa, dakika kumi, brosi, kisha kitambaa laini. Kwenye mkunjo usiweke. Nta inapasuka, inageuka nyeupe mferejini, na utarudi hapa kuuliza madoa yametoka wapi.

---

Fundi_Birere:

Hapo kwenye nta sikubaliani sana. Ule mng'ao wa kiwandani haukutokana na nta. Ngozi ilipakwa dawa yenye protini, kisha ikasuguliwa kwa nguvu na jiwe la akiki mpaka ikawa kama kioo. Kitambaa kikavu cha flaneli na mkono wa haraka kwa dakika tano unaurudisha, bila kuongeza kitu. Nta nayo inang'aa, nakubali, ila inashika vumbi, na tumeshasema vumbi letu linafanya nini. Mtu wa Kinshasa anayetembea kwenye zulia na viatu vyake vya Weston vya mamba anaweza kupiga nta atakavyo. Barabara za mtaa wetu wa Himbi ni kitu kingine.

---

Katindo_Ngozi:

Flaneli inatosha kama mng'ao bado upo. Pale ulipokwisha kukwanguliwa, flaneli haina cha kurudisha, na nta kidogo inaficha. Mukubwa aangalie ncha za mabuti yake aamue.

Soli je? Kama ni za ngozi, mawe yatazila kabla ya msimu kuisha. Mwambie fundi abandike nusu soli ya mpira ya milimita 2: asugue ngozi kwa msasa, gundi pande zote mbili, asubiri dakika 10 hadi 15 mpaka isinate kidoleni, ndipo agonge. Na umsimamie kwa jambo moja. Mafundi wengi wanafunga selotepu kuzunguka buti ili gundi isimwagikie ngozi ya juu. Ikitolewa inaondoka na magamba ya chatu, na kwa kaimani inabandua mng'ao. Ngozi ya juu aifunike kwa mfuko wa plastiki uliofungwa kwa kamba ya mpira.

---

Himbi2:

Nimeelewa. La mwisho: zikiloa mvua kabisa, nazikausha vipi? Dada yangu anaweka viatu karibu na mbabula.

---

Maabara_Kyeshero:

Mwambie dada asiweke hizo. Ngozi yenye maji inashindwa na joto mapema kuliko ngozi kavu: nyuzi zake zinajikunja na kushikana, na ikikauka ni ngumu kama ubao. Kwa chatu magamba yote yatainuka kwa mara moja.

Kama ni tope, acha likauke kwanza, usilifute likiwa bichi, maana unalisukuma chini ya magamba. Maji safi yafyonze kwa kitambaa kwa kubonyeza tu. Jaza karatasi nyeupe ndani, zibadilishe baada ya saa moja, kisha kila baada ya saa chache. Laza buti kwa ubavu ili soli ipate hewa, kivulini, saa 24 hadi 48. Losheni inafuata baada ya hapo, siyo kabla, kwa sababu ngozi iliyojaa maji haina nafasi ya mafuta.

Za kuhifadhi ziwe ndani ya mfuko wa kitambaa, mbali na ukuta wenye unyevu. Kwenye plastiki ukungu unaanza haraka msimu wa mvua. Ukiuona, toa mabuti nje ya nyumba kabla ya kupiga brosi ili vumbi lake lisiangukie viatu vingine, kisha kitambaa chenye siki na maji kiasi sawa, kimekamuliwa sana, na uhakikishe kwanza pale pa kujaribia karibu na kisigino. Ndani ya buti pia, kwenye kitambaa cha bitana, kwa sababu huko ndiko unakojificha. Brosi uliyotumia ioshe kwa maji ya moto na sabuni na uianike juani kabla haijagusa jozi nyingine.